Mkato, Ujazo na Utendaji: Uhakiki wa Istilahi za Hali za Transista

Katika makala haya nakusudia kuzihakiki istilahi chache tu, nazo ni zile zinazotumiwa kutajia hali mbalimbali ambamo transista hufanya kazi yake. Baadhi ya wasomaji, hasa walimu wa lugha na ndugu zetu wa maofisi ya serikali, huenda wakajiuliza jambo dogo namna hii linawahusu nini. Naomba wavumilie. Kisa kilichonifanya nishike kalamu kilitokea Ngarenaro, mjini Arusha, katika kibanda cha fundi redio, na katika kisa hicho mimi si shahidi tu bali ni mshtakiwa pia.

Mwalimu mmoja ambaye huwafundisha vijana ufundi wa redio na vikuza sauti nyakati za jioni alikuwa na kurasa saba za masomo zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza. Kabla hazijanakiliwa na kugawiwa, nilipewa nizipitie upande wa lugha. Nilisahihisha upatanisho wa kisarufi, nikapunguza zile "ambayo" zilizozidi, nikazirudisha. Istilahi sikuzigusa, kwa kuwa zilisikika vizuri masikioni. Transista, kurasa zile zilieleza, hufanya kazi katika maeneo matatu: eneo la mkato, eneo tendaji, na eneo la ujazo. Nani angepinga? Kila neno lilikuwa la Kiswahili, kila neno lilikuwa fupi, na kila neno lilikuwa limefuata lile la Kiingereza hatua kwa hatua.

Miezi michache baadaye nilipita kibandani kwa fundi mmoja niliyezoeana naye. Nikamkuta amekasirika. Kijana wake, ambaye ni mmoja wa wanafunzi wa jioni, alikuwa amepewa kikuza sauti kidogo kisichotoa sauti. Kijana akafanya kama alivyofundishwa: akapima volti kwenye mguu wa kolekta, akakuta volti zote za betri ziko pale. Karatasi ilisema wazi kwamba kolekta ikiwa na volti zote za betri, transista iko katika mkato. Basi kijana akaing'oa, akaitupa, akafunga mpya. Akapima tena, mpya nayo ikawa katika mkato. Akaing'oa nayo. Ya tatu vilevile. Fundi alipoingia alikuta transista tatu sakafuni, zote nzima, na kosa lenyewe limekaa mahali pake bila kuguswa: ni resista ndogo inayoipelekea besi mkondo, ambayo ilikuwa imevunjika mguu mmoja.

"Mzee," kijana akaniambia kwa heshima, maana alijua kwamba kurasa zile zimepita mkononi mwangu, "si imeandikwa imekata? Kitu kilichokata kinatengenezwa?"

Sikuwa na jibu. Katika Kiswahili cha mafundi, kuanzia Ngarenaro mpaka Kariakoo, waya uliokata ni waya ulioharibika. Balbu iliyokata ni ya kutupa. Umeme ukikatika, kuna hitilafu au kuna deni. Lakini transista iliyo katika hali hiyo haina ugonjwa wowote. Imepumzika tu, inangoja amri. Mfasiri alitafsiri neno, nami nikalipitisha, na sote wawili hatukumwuliza anayelitumia neno hilo kila siku kwamba kwake yeye lina maana gani.

Kabla ya kuendelea ni lazima nieleze jambo lenyewe, maana haiwezekani kuhakiki jina la kitu ambacho msomaji hakioni. Transista ya aina tunayoizungumzia ni kipande cha nusukipitishi, aghalabu silikoni, chenye matabaka matatu na miguu mitatu: emita, besi na kolekta. Mkondo mkubwa hupita kati ya kolekta na emita. Mkondo mdogo huingia kwenye besi, nao ndio unaoutawala ule mkubwa.

Jina la Ngarenaro limetokana na Kimaasai, na maana yake ni maji meusi. Mteremko wa kusini wa Mlima Meru ni nchi ya mito na mifereji, na wakulima wa Kiarusha na Kimeru wameyagawana maji ya mlima huo kwa mifereji tangu enzi za mababu zao. Kwa hiyo naomba ruhusa nieleze kwa mfereji. Fikiri mfereji unaotoka mtoni, wenye lango dogo la ubao. Ubao ukishushwa chini kabisa, maji hayapiti. Ubao ukiinuliwa kidogo, hupita maji kidogo. Ukiinuliwa zaidi, hupita zaidi, na mwenye shamba anayaongoza maji kama anavyotaka. Lakini iko kimo ambacho ubao ukikivuka, kuuinua zaidi hakuongezi kitu. Maji yote ya mfereji yanapita tayari, na aliyeyawekea mpaka sasa si ubao bali ni upana wa mfereji na wingi wa maji mtoni.

Tuache mfereji tutumie tarakimu. Tuseme kikuza sauti kina betri nne za volti 1.5 kila moja, yaani volti 6, na kwamba kolekta imepitia resista ya omu 1,000. Tuseme pia kwamba transista hii hukuza mkondo mara 100. Besi ikipewa miliampea 0.02, kolekta itapitisha miliampea 2. Resista itachukua volti 2, na transista itabakiwa na volti 4. Besi ikipewa miliampea 0.04, kolekta itapitisha 4, na transista itabakiwa na volti 2. Hesabu inafuatana vizuri. Sasa besi ipewe miliampea 0.1. Kwa hesabu ileile kolekta ingepitisha miliampea 10, lakini betri ya volti 6 haiwezi kusukuma zaidi ya miliampea 6 katika omu 1,000. Basi mkondo utasimama karibu na 6, transista itabakiwa na sehemu ndogo tu ya volti moja, kama 0.2 au pungufu, na hata besi ikiongezwa mara mbili, kolekta haitasikia. Na kwa upande wa pili, besi ikiwa na volti zilizo chini ya 0.5 hivi, kolekta haitapitisha kitu cha kuhesabika, na volti zote 6 zitaonekana kwenye kolekta. Hiyo ndiyo hali iliyomdanganya kijana wetu.

Sasa tuyatazame majina.

Nianze na "eneo", kwa kuwa ndilo linaloyabeba yote matatu, na ndilo lililotuponyoka sote. Neno hilo limetoka kwenye michoro. Wahandisi huchora grafu, upande mmoja volti na upande wa pili mkondo, kisha huigawa karatasi sehemu sehemu: hapa transista inafanya hivi, pale inafanya vile. Kwenye karatasi ile ni maeneo kweli. Lakini fundi hana grafu mezani, ana transista. Mwanafunzi mwingine wa darasa lilelile aliwahi kumwuliza mwalimu eneo la ujazo liko mguu upi. Wenzake walicheka, mimi sikuona cha kuchekesha. Vitabu hivyohivyo husema pia eneo la emita, eneo la besi na eneo la kolekta, navyo vikisema hivyo vina maana ya matabaka halisi ya silikoni yanayoweza kuonyeshwa kwa kidole katika mchoro. Mwanafunzi ameambiwa katika ukurasa wa pili kwamba transista ina maeneo matatu, na katika ukurasa wa tano ameambiwa tena kwamba transista ina maeneo matatu, na kumbe si yaleyale. Kiingereza kina kasoro hiyohiyo, lakini hakuna sheria inayotulazimisha kuirithi. Matabaka yaitwe matabaka. Kile ambacho transista imo wakati fulani, nayo inaweza kukiacha wakati mwingine, Kiswahili kina jina lake la siku nyingi: ni hali. Mtu yumo katika hali ya homa, hayumo katika eneo la homa.

"Ujazo" ni kosa la aina nyingine. Mtoto wa darasa la sita anajua kwamba eneo hupimwa kwa mita za mraba na ujazo kwa mita za ujazo. Kumwambia kwamba kuna kitu kiitwacho "eneo la ujazo" ni kumchanganyia somo la hisabati. Sina haja ya kukaa sana hapa.

Kuhusu "tendaji", nakiri kwamba neno ni zuri katika nyumba yake. Lakini nyumba yake ni ofisi. Tunaye Mtendaji wa Kata, tunazo kamati tendaji, na hapo neno linajulikana na kila raia. Kwa transista lina udhaifu wa maana. Likisemwa kwamba hali ya katikati ndiyo ya utendaji, msikilizaji hana budi kuelewa kwamba hali mbili nyingine ni za uvivu. Sivyo hata kidogo. Katika saketi za tarakimu zilizojengwa kwa transista hizi, na katika kila mahali ambapo transista hutumiwa kama swichi, kazi yote hufanywa kwa kuruka kutoka ncha moja hadi nyingine, na hali ya katikati hupitwa haraka iwezekanavyo, kwa kuwa humo ndimo transista hupata moto. Hapo "eneo tendaji" ndilo eneo lisilotakiwa.

Niongeze lawama moja dhidi ya kurasa zile, ingawa haihusu hali za kazi. Aina hii ya transista ilitajwa humo kuwa "transista ya ncha mbili". Mwanafunzi anaitazama, anahesabu miguu mitatu, anashangaa. Sifa ile ya Kiingereza haihusu ncha wala miguu. Inahusu vibeba umeme vilivyomo ndani: elektroni zenye chaji hasi, na matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, ambazo hutenda kama chaji chanya. Katika aina hii vibeba vya namna zote mbili hushiriki kazi, ilhali katika transista za uga ni vya namna moja tu. "Transista ya chaji mbili" lingetosha, na lisingemdanganya mtu.

Labda msomaji atasema: kwa nini tusiyachukue maneno ya Kiingereza yenyewe, tukayavalisha irabu, yakaisha? Kwa majina ya vitu sina ugomvi na njia hiyo. Transista imekuwa transista ulimwenguni kote tangu jina hilo lilipobuniwa huko Marekani mwaka 1948, miezi michache baada ya Bardeen na Brattain kukionyesha kifaa chenyewe mwezi Desemba 1947 katika maabara za Bell. Wafaransa waliupenda mkopo huo hata wakaiita hivyo redio ndogo nzima. Emita, besi na kolekta nazo ziachwe kama zilivyo, kwa sababu herufi E, B na C zimechapwa kwenye vibao vya saketi vinavyotufikia, na fundi anazisoma herufi hizo kila siku. Kwamba kolekta yetu inaanza na K na kibao kimeandikwa C si tatizo kubwa. Wajerumani nao huandika kwa K na mafundi wao hawajapotea. Tatizo dogo liko kwa besi, maana kibandani neno hilo lina kazi nyingine: mteja husema redio yake ina besi nzuri, naye ana maana ya sauti nene. Hata hivyo sijawahi kumwona fundi aliyeichanganya sauti nene na mguu wa transista.

Hali si kitu cha kushika, ni jambo la kueleweka. Neno la mkopo halimweleweshi chochote mtu asiyejua lugha lilikotoka. Na mafundi wetu wamekuwa wakilifahamu jambo hili kwa Kiswahili kwa vizazi viwili sasa. Tukumbuke kwamba mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio. Redio zile zilikuwa za transista na betri, na ziliharibika kama vyombo vyote viharibikavyo, na waliozitengeneza walielezana kazi yao kwa Kiswahili. Hapa Arusha kiwanda cha Philips kiliwahi kuunganisha redio, na Chuo cha Ufundi kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule. Msamiati ulikuwapo muda wote huo. Haukuandikwa tu.

Basi mapendekezo yangu ni haya, na nimeyapata nusu kwa kufikiri na nusu kwa kusikiliza.

Hali ya kwanza, ile ambayo kolekta haipitishi mkondo, naiita hali ya zuio. Kwanza nilifikiria "hali ya kufunga", maana lango la mfereji hufungwa. Lakini neno hilo lina mtego. Lango likifungwa, maji hayapiti. Saketi ikifungwa, umeme unapita. Mwanafunzi wa kidato cha pili amekwisha fundishwa habari za saketi iliyofungwa, naye atatuelewa kinyume. "Kuziba" nalo lina harufu ya uchafu na ubovu, na tutamrudisha kijana wetu kwenye kosa lilelile. Zuio halisemi kwamba kitu kimeharibika. Linasema kwamba kitu kimezuiwa, na anayesikia hivyo huuliza mara moja: nani amezuia? Swali hilo ndilo lingempeleka kwenye ile resista ya besi.

Hali ya pili naiita hali ya utii. Humo mkondo wa kolekta huutii mkondo wa besi: ukiongezwa unaongezeka, ukipunguzwa unapungua. Najua wengi wangependa "hali ya ukuzaji", kwa sababu kukuza sauti ndiyo kazi inayofahamika zaidi. Lakini hilo ni jina la matumizi. Transista iliyo katika hali hii hutumiwa pia kutuliza volti za betri au kushikilia mkondo usipande wala kushuka, na hapo haikuzi sauti ya mtu. Jina la hali na litaje tabia ya mkondo. Matumizi yatajiongeza yenyewe.

Hali ya tatu ni ya shibe. Neno la Kiingereza lenyewe limetoka katika Kilatini kwa maana hiyohiyo ya kushiba, kwa hiyo hatubuni kitu kipya bali tunarudi kwenye mzizi. Wako watakaoona kwamba shibe ni neno la jikoni lisilofaa kitabuni. Wengine watapendelea "ukolevu", kama chai ilivyokolea sukari. Lakini kukolea ni sifa ya ladha, nayo huongezeka: chai iliyokolea yaweza kukolezwa zaidi. Aliyeshiba hata akipakuliwa tena hali. Tena kuna jambo la kifizikia linalonifurahisha katika neno hili. Besi iliyopewa mkondo kupita kiasi hulimbikiza chaji ndani yake, na amri ya kuzuia ikija, transista haiachi kupitisha mkondo papo hapo. Ni lazima chaji ile iondoke kwanza. Ndiyo maana waundaji wa saketi za kasi hujitahidi transista zisifike huko. Kwa maneno mengine, aliyeshiba ni mzito kuinuka. Nilipomweleza fundi wangu hivyo, alisema kwamba neno hilo halihitaji kufundishwa.

Iko hali ya nne, ambayo kurasa zile saba hazikuitaja kabisa. Emita ikifanywa kolekta na kolekta ikafanywa emita, transista haifi wala haizuii. Hufanya kazi, lakini hukuza kidogo sana, kwa sababu tabaka la emita na la kolekta hazikutengenezwa sawa. Hii naiita hali ya utii kinyume. Asidhani mtu kwamba ni jambo la vitabuni tu. Transista ya Kimarekani 2N3904, ukiielekezea uso wake bapa kwako, miguu yake kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. Ile ya Ulaya, BC547, ni kolekta, besi, emita. Fundi akikosa ya kwanza akafunga ya pili bila kuigeuza, besi itaangukia mahali pake na miguu mingine miwili itabadilishana. Redio italia, lakini kwa sauti ya mgonjwa. Fundi huyohuyo wa Ngarenaro anaijua redio ya namna hiyo. Alichokikosa ni jina lake.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo kwangu ina uzito kuliko zote, nayo ndiyo naomba watafsiri waiangalie kwa makini. Siku hizi transista za uga zimeenea kuliko hizi za chaji mbili. Simu iliyo mfukoni mwa msomaji ina mabilioni yake. Nazo zina hali zao, na Kiingereza kimeitumia sifa ileile ya kushiba kutajia mojawapo. Lakini si hali ileile! Katika transista ya uga, hali inayoitwa hivyo ni ile ambayo mkondo hautegemei tena sana volti zilizo kati ya miguu miwili mikubwa, bali huifuata ile volti ya mguu wa lango. Ndiyo hali inayotumiwa kukuza. Yaani ni sawa na ile ya pili katika orodha yetu, wala si ya tatu. Wanafunzi wa uhandisi wanaosoma kwa Kiingereza hujikwaa hapo kila mwaka, na walimu wao huwaambia wakariri tu.

Sisi hatujafika hapo bado, na kwa hiyo tunayo nafasi ambayo Waingereza wameipoteza. Kama tutafuata tabia ya mkondo, hali ya utii itakuwa hali ya utii katika aina zote mbili, kwa sababu katika zote mkondo mkubwa unamtii mtawala wake mdogo. Ile hali nyingine ya transista ya uga, ambayo humo yenyewe hutenda mithili ya resista, na iitwe hali ya ukinzani. Shibe libaki kwa transista ya chaji mbili peke yake, ambako kweli kuna kushiba. Lakini mfasiri akikaa na kamusi akatafsiri neno kwa neno, leo kwa kitabu hiki na kesho kwa kingine, atatuandikia "shibe" mahali pote pawili, na kosa la wengine litakuwa letu pia.

Nimewahi kupingwa kwamba yote haya ni bure, kwa kuwa masomo ya sekondari na vyuo hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, haikuwa hivyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 nayo ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na bado vidato vya sayansi vinasoma vilevile. Hoja hiyo naielewa. Lakini darasa la jioni la Ngarenaro halikungoja tume wala sera. Vijana wale wamefundishwa kwa Kiswahili jana na watafundishwa kwa Kiswahili kesho, kwa istilahi nzuri au kwa istilahi mbaya, na transista tatu zilizotupwa zilinunuliwa kwa fedha za fundi ambaye hakuwahi kuulizwa.

Mwalimu amekubali kuzibadilisha kurasa zake, ingawa kwa "utii" bado ananitazama kwa shaka. Anasema limekaa kama neno la gwaride. Nimemwambia alijaribu kwa muhula mmoja. Kwa kalamu ya wino amekwisha futa "mkato" mahali pote isipokuwa kwenye waya uliokatika, ambako ni haki yake.

Limebaki jambo moja ambalo sikuweza kulimaliza peke yangu, nami naliwasilisha mbele ya wasomaji na Kamati ya Kusanifu. Sauti ya kikuza sauti huharibika kwa namna mbili zinazotokana na hali hizi. Betri zikichoka, transista za mwisho huteleza kwenye zuio kila wimbi linapovuka katikati, na ubovu husikika zaidi redio ikiwa imepunguzwa. Sauti ikifunguliwa kupita kiasi, transista hugonga kwenye shibe, na ubovu husikika kwenye vilele vya sauti. Vitabu vilivyotafsiriwa husema "upotofu wa sauti" kwa yote mawili. Mafundi hutofautisha: ya kwanza inakwaruza, ya pili inapasuka. Niliuliza katika vibanda vitatu. Viwili viliafikiana kama nilivyoandika. Cha tatu, kando ya barabara iendayo sokoni, kinasema ya kwanza inakoroma, ilhali kwa wale wawili kukoroma ni ule mngurumo wa umeme wa ukutani unaopenya kwenye spika. Walio Mwanza, Mbeya, Tanga na Unguja waulize katika vibanda vya kwao, watuandikie.